Acha Kikauke

Marsiana hajawahi kushindwa na kiungo cha mtu. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na kwa kuwa alilisema kila mwaka na hakuna aliyembishia, likawa kweli. Toka Bangwe mpaka Ujiji, aliyeteguka bega, aliyeporomoka kwenye mchikichi akavunja mkono, aliyetelezea mawe ya ziwani akarudi anachechemea, wote walipelekwa kwake. Mfupa uliovunjika aliuunga kwa vijiti vya mianzi na kuuacha utulie, kama mama yake alivyomfundisha. Lakini kiungo, yaani goti, kiwiko au kifundo, hakukiacha kitulie hata wiki moja. Siku ya tatu alichemsha majani yake, akajipaka mawese mikononi, akaanza kukunja. Mgonjwa alilia, alitukana, alimwita marehemu bibi yake. Marsiana alimjibu neno lile lile: "Kiungo kisichokunjwa ni kuni. Unataka kutembea na kuni?"

Hakuna aliyetaka kutembea na kuni.

Mgonjwa wake wa siku nyingi kuliko wote alikuwa mumewe, Nikodemu. Mwaka sitini na nane, akiwa kuli gatini Kigoma, rundo la magunia ya chumvi ya Uvinza lilimporomokea likamponda goti. Watu walisema mguu huo hauna kazi tena. Marsiana akasema tutaona. Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kula, Nikodemu alileta kigoda chake, akavuta suruali juu, na mkewe akalikunja goti. Lilifika nusu. Halikuzidi nusu hata siku moja, na kila jioni hiyo nusu ilibidi ipiganiwe upya. Wageni walionyeshwa goti hilo kama watu wengine wanavyoonyesha picha ya harusi. Nikodemu hakusema lolote. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana wake, na baada ya magunia yale yakawa machache zaidi.

Mwaka sabini na nne walishushwa toka vilimani kuja kwenye kijiji kipya kando ya ziwa, kusini ya Bangwe, nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule. Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja la muhogo kwenye mteremko, na juu ya mteremko kulikuwa na mawe, na kwenye mawe walikaa nyani ambao hakuna mkutano uliokuwa umewaelimisha juu ya mali ya umma. Kila nyumba ilipangiwa zamu ya kuwinga, yaani kuwafukuza nyani hao, na anayekwenda zamu sharti aweze kukimbia. Nikodemu hakuweza kukimbia. Watoto wao, Zefania na wadogo zake, walikuwa wakubwa, wako mbali. Akamtuma mbwa wake.

Mbwa huyo alikuwa jike, mwekundu, masikio yamesimama, na jina lake lilikuwa Hayawahusu. Nikodemu alimpa jina hilo kuwajibu majirani waliouliza kilema wa mguu anafuga mbwa wa nini. Mkutano wa kijiji ulibishana nusu siku nzima kama mbwa anaweza kuhesabiwa kuwa mtu wa zamu. Mwishowe akasimama Mwanvua, jirani yao wa ukuta kwa ukuta.

"Ndugu wanakijiji, mnanijua mimi," alisema. "Mbwa simgusi. Akinilamba naoga mara saba, na moja kwa udongo. Lakini wiki iliyopita zamu ilikuwa ya Kasongo, na nyani walichimba muhogo wakakaa naye kitako wakala. Zamu ya mbwa huyu hakijang'olewa hata kishina. Mwandikeni!"

Wakamwandika. Kasongo alinuna mpaka mwezi ukaandama.

Msiba ulikuja mwezi wa tatu mwaka uliofuata. Hayawahusu alilifukuza dume moja kubwa la nyani mpaka juu ya jiwe, dume likageuka, na mbwa kwa kulikwepa akaruka chini toka urefu wa watu wawili. Aliangukia miguu ya mbele. Alifika nyumbani kwa miguu mitatu, mguu wa mbele wa kulia ameuning'iniza. Marsiana alimlaza, akampapasa mfupa baada ya mfupa, akatabasamu.

"Hakuvunjika. Kifundo kimeteguka tu. Nipe siku kumi."

Siku kumi zikawa ishirini, ishirini zikawa arobaini. Kila asubuhi alimkanda kifundo kile, akakikunja na kukikunjua, na kila asubuhi kifundo kilizidi kulegea. Mbwa alipoukanyaga mguu, wayo ulizama nyuma mpaka kifundo chenyewe kikagusa mchanga. Marsiana akaongeza mawese. Akaongeza majani. Hakuelewa. Ugonjwa aliouzoea ni kiungo kigumu. Hiki kililainika mikononi mwake kila alipokishika.

Wakati huohuo zamu haikungoja. Mbwa hayupo, basi aende mwenye mbwa. Nikodemu akawa anapanda mteremko na fimbo, anashinda huko akipiga debe na kupiga kelele, anarudi goti limevimba kama papai. Jioni Marsiana alilikunja hivyohivyo, limevimba. Iwapo mbwa hangepona, mambo yangekuwa hayo mpaka mmoja wao afe, na wote wawili walijua ni nani angetangulia.

Ndipo akaja Bwana Mifugo. Alikuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, kijana anaitwa Selestini, amerudi masomoni ng'ambo miezi mitatu tu iliyopita, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa mchanga. Mbwa wa kijiji kizima walipangwa ufukweni na kamba shingoni. Alipofika kwa Hayawahusu, hakuitazama sindano yake tena. Alichuchumaa, akaushika ule mguu, akausukuma wayo kwa kidole kimoja. Ulikwenda nyuma mpaka Nikodemu akafumba macho.

"Shikamoo mama. Nani anamkanda huyu?"

"Marahaba. Mimi."

"Hakuvunjika."

"Najua hakuvunjika. Kama ningekuwa sijui, ningeitwa Marsiana?"

Kijana alikuwa na adabu. Alicheka kidogo tu. Akamwonyesha kwa kidole. "Hapa nyuma ya kifundo, mama, kuna kano zinazoishika mifupa isikunjuke kupita kiasi. Zimekatika zote. Kano hizi haziungi, hata umfunge mwaka mzima. Na ukikanda unazilegeza zile chache zilizobaki."

Maneno hayo yalimwingia Marsiana vibaya, mbele ya watu na mbele ya mbwa wao. "Basi nini?" akauliza. "Umwue?"

"Hapana. Kuna njia moja. Napasua. Naikwangua ile gegedu nyeupe inayofanya mifupa iteleze, naimaliza yote. Nachukua chembe za mfupa begani kwake, najaza katikati. Halafu nafunga kwa bamba la chuma na skrubu. Mifupa inashikana, inakuwa mfupa mmoja. Kifundo hakitakunjika tena maisha yake yote."

"Unakiua kiungo," alisema Marsiana polepole.

"Nakiua kiungo, mama. Mguu unapona."

"Fanya," alisema Nikodemu.

Marsiana aligeuka. Mumewe alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kamba ya mbwa mkononi, na neno lile alikuwa amelitoa kabla kijana hajafunga mdomo. Mtu huyu alihitaji siku mbili kukubali kununua jembe.

"Baba Zefania, umesikia? Mguu utakuwa kuni."

"Nimesikia." Hakumtazama yeye, alimtazama kijana. "Kitauma?"

"Nini, mzee?"

"Kikishakauka. Kitauma?"

"Kikishashikana vizuri hakiumi, mzee. Kinachouma ni kiungo kibovu kinachosogea. Kisiposogea, hakina cha kuuma."

Nikodemu akaitikia kwa kichwa, akaangalia maji. Marsiana alielewa palepale swali lile lilikuwa la mguu wa nani. Alielewa, akakataa kuelewa, akaanza kumgombeza Kasongo ambaye mbwa wake alikuwa amejikojolea.

Walikwenda Kigoma kwa mtumbwi, mbwa kwenye tenga, Nikodemu akipiga kafi. Ofisi ya mifugo ilikuwa na chumba kimoja chenye meza na dirisha zuri. Mhudumu alikuwa likizo, kwa hiyo Marsiana akaambiwa anawe mpaka viwikoni ashike mguu. Selestini alifungua kitambaa cha flana, na ndani mlikuwa na mabamba matatu ya chuma aliyorudi nayo toka masomoni, akiyatunza kama watu wanavyotunza dhahabu ya mkwe.

Katika miaka thelathini ya kushika viungo, Marsiana hakuwahi kuona ndani ya kimoja. Mbwa alipolala na ngozi ikafunguliwa, aliona weupe unaong'aa kama ndani ya kombe la ziwani. Akamwita Mungu kwa Kiha, "Mana wee, kumbe ndivyo kulivyo." Kisha akaona kijana akiukwangua weupe ule kipande baada ya kipande, mpaka mfupa mwekundu ukatokea unavuja damu, na machozi yakamlenga. Hakuyaficha. Kitu alichokipigania maisha yake yote kilikuwa kinafagiliwa kwenye bakuli.

Mguu ulifungwa plasta, ile ambayo watu wanaiita muhogo, toka vidoleni mpaka karibu na kiwiko.

"Wiki kumi," alisema Selestini. "Usifungue, mama. Usikande. Usikunje."

"Nimesikia."

"Hata kidogo."

"Mwanangu, nimesema nimesikia."

Kijijini walicheka, bila shaka. Mbwa wa mganga wa mifupa kavaa muhogo wa Bwana Mifugo! Mama mmoja wa Bangwe aliyekuwa amlete mtoto wake mwenye kiwiko kilichoteguka alibadili njia akaenda Ujiji kwa mwingine. Mwanvua alimletea habari hiyo pamoja na bakuli la dagaa, ili moja limsaidie kumeza jingine. Marsiana alivumilia yote hayo. Jina la mtu haliharibiwi na kicheko cha msimu mmoja.

Asichoweza kuvumilia kilikuwa kitu kingine. Kila jioni, goti lake likishakunjwa, Nikodemu alijikokota mpaka alipolala mbwa, akaweka kiganja juu ya plasta, akakaa. Alingoja tu. Na Marsiana alijua anangoja nini. Siku mbwa huyu atakapoukanyaga mguu mkavu, akatembea bila maumivu, Nikodemu angeinua macho amtazame mkewe, na ndani ya macho hayo kungekuwa na jioni zote za miaka saba. Aliogopa macho hayo kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Kwa hiyo akaanza kutamani, kwanza kwa siri hata yeye mwenyewe asijue, kwamba mbwa asipone.

Wiki ya tano Nikodemu akiwa zamu, Marsiana alijiambia plasta inanuka. Haikuwa inanuka. Alijiambia ndani kuna usaha. Hakukuwa na usaha. Akaloweka plasta kwa maji ya moto, akaikata kwa kisu cha samaki, akautoa mguu: umekonda, manyoya hakuna, kovu safi limenyooka. Akapaka mawese mikononi. Mkono mmoja juu ya kifundo, mwingine chini, kama siku zote. Akakunja.

Chuma kilikataa. Akaongeza nguvu, na ndani kitu kikaachia.

Hayawahusu alilia. Marsiana alivijua vilio vyote vya viungo, kama seremala anavyoijua sauti ya kila mti, na hiki hakikuwa kilio cha kiungo. Hiki kilikuwa kilio cha mfupa. Na mikono yake, ambayo siku zote ilikuwa mikweli kuliko mdomo wake, ikamwambia ilichokishika. Ule mnato uliokubali kidogo halafu ukarudi, si kiungo kinachokauka. Aliujua vizuri kabisa. Ni muundi wa mtoto katika wiki ya tano, mfupa unapoanza kuunga, na baba mwenye haraka anataka vijiti vifunguliwe aone. Akina baba wa namna hiyo aliwafukuza kwa ufagio. Nani aliyewahi kukunja mfupa wa wiki tano?

Yeye. Leo.

Akakaa chini. Sasa aliona wazi alichokifanya yule kijana pale mezani. Hakukausha kiungo. Alikivunja makusudi, akakigeuza mfupa uliovunjika, kisha akauomba mwili uunge kama unavyounga mfupa wowote. Na kuunga mifupa ndiyo kazi aliyoachiwa na mama yake! Alikuwa amekabidhiwa mfupa, yeye akauuguza kama kiungo. Mjinga asingefanya kosa hilo. Mjinga angemwacha mbwa alale. Kosa hilo lilihitaji fundi.

Alichukua mianzi, akaufunga mguu haraka na kwa ustadi, huku akimwambia mbwa maneno ambayo hajawahi kumwambia mgonjwa yeyote. "Nisamehe, mama. Nisamehe, mwanangu. Nisamehe."

Nikodemu aliporudi, alimkuta mlangoni.

"Nimeifungua plasta," alisema Marsiana. "Nimekunja. Kitu kimeachia."

Nikodemu alisimama na fimbo yake, jasho likimtoka. Alimtazama mbwa, akamtazama mkewe. Kisha akageuka, akaanza kuteremka kwenda kwenye mtumbwi na goti lake lililovimba, na Marsiana akabeba tenga akamfuata.

Selestini hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alipapasa mguu, akasema skrubu mbili zimeng'oka na mguu umepinda, lazima afungue tena. "Nimebaki na mabamba mawili. La kwanza nilifuata vipimo vya kitabu. Safari hii nikiufunga hakuna tena kurekebisha, mfupa hautastahimili skrubu mara ya tatu. Ukinyooka mno atakuwa anajikwaa. Ukikunjika mno hataukanyaga. Ndivyo utakavyobaki mpaka afe."

"Mbwa wa kitabu chako anatembea wapi?" Marsiana aliuliza.

Kijana akafikiri. "Sakafuni, nadhani."

"Huyu anatembea mteremkoni. Nipe nafasi kidogo kabla hujamlaza."

Nyuma ya ofisi palikuwa na kilima kidogo cha kokoto. Alimsimamisha mbwa pale, akapiga magoti, akaushika mguu wake mzima wa mbele. Hakukanda. Alishika tu. Alimwacha mbwa aegemee, asogee, asimame tena, huku vidole vyake vikisoma jinsi kifundo kizima kinavyopumzika kikibeba uzito. Muda ukapita. Selestini alikuja akasimama karibu yake, saa mkononi.

"Nimekipata," alisema mwishowe.

Ndani, mbwa alipolala na bamba likawekwa, ni yeye aliyeushika mguu katika mkao ule, na kijana akakaza skrubu kufuata mikono yake. Kisha ikaja plasta, na plasta lazima ingojewe ikauke.

"Usisogee, mama."

Nusu saa. Mikono iliyokunja miaka thelathini ilikuwa na hamu ya kusogea. Kidole gumba kilitaka kubonyeza. Kifundo cha mkono kilitaka kuzunguka kidogo, kidogo tu. Hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Jasho lilimshuka mpaka kwenye kidevu, na Selestini akamfuta kwa taulo kama mama anavyofutwa akijifungua.

"Mama," kijana aliuliza kwa upole, "kwa nini ulifungua? Uliogopa hatapona?"

"Niliogopa atapona."

Selestini hakuelewa, alikuwa kijana bado, na hajaoa. Lakini mlangoni, palipokuwa na kivuli, kigoda alichokalia Nikodemu kililia, na Marsiana akajua kuwa aliyetakiwa kuelewa ameelewa.

Wiki kumi nyingine zikaenda. Plasta haikuguswa. Mwanvua alijitolea kuwa mlinzi, kila asubuhi alichungulia toka kwake, mbali asilambwe, akamsalimu kwa Kiha na kuuliza, "Mwakeye, jirani. Muhogo wetu mzima?" Marsiana akainua mikono yote miwili juu kuonyesha haina mawese. Jioni aliendelea kulikunja goti la mumewe, kwa kuwa mtu haachi desturi ya miaka saba kwa kukisia. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na kila wiki ukawa mwepesi zaidi. Nikodemu aliona.

Mwezi wa tisa Selestini alikuja mwenyewe na mkasi wake. Mguu ulipotoka, Hayawahusu aliunusa kama kitu cha mwenzake. Akaukanyaga. Akauinua, akaukanyaga tena. Alikwenda hatua nne akiurusha mbele kidogo, kama askari wa gwaride aliyechoka, kisha akasahau kwamba kuna jambo, akakimbia. Alipita katikati ya nyumba, akapita kwa Mwanvua aliyejikunyata na kanga zake, akashika mteremko. Muda si mrefu wakasikia kelele za nyani juu kwenye mawe, kelele za watu walioonewa. Kijiji kikapiga makofi. Mbwa alirudi ulimi nje, akasimama mbele ya Nikodemu, uzito wake wote ukiwa sawasawa juu ya miguu minne.

Nikodemu akachuchumaa kwa shida, akaukamata ule mguu, akaubonyeza pale kifundoni, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Mbwa alimlamba sikio. Hakikuuma.

Ndipo akainua macho. Marsiana alikuwa amejiandaa kwa miezi minne kuyakimbia macho hayo, na yalipokuja hakuyakimbia. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yamechoka tu, na hilo lilimuumiza zaidi.

Jioni walikula migebuka na ugali. Baada ya kula Nikodemu alileta kigoda, akakaa, akavuta suruali juu. Mawese yalikuwa yamepashwa moto. Marsiana alikaa mbele yake, akaweka viganja juu ya goti, pande zote mbili. Lilikuwa la moto. Siku zote lilikuwa la moto, na yeye siku zote alisema joto ni dalili ya uhai.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungesikia?"

Alitaka kusema ndiyo. Alikuwa na haki, kama mke, ya kusema ndiyo. "Hapana," akasema. "Nisingesikia. Watu wangesema Marsiana ameshindwa na goti la mumewe mwenyewe. Nilikuumiza kwa ajili ya hilo, Baba Zefania. Kila siku."

Nikodemu hakumwambia kwamba si neno. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hakuwa mwongo.

Marsiana alijifuta mawese kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja. "Nikiliacha litakauka. Likishakauka sitaweza kulirudisha, wala mimi wala mwingine. Kwa hiyo sharti uchague. Nikilifunga limekunjwa, utakaa vizuri kwenye mtumbwi, lakini mlimani usahau. Nikilifunga limenyooka, utasimama na kutembea, ila kukaa itakuwa kazi. Unataka lipi?"

Hilo ndilo swali la kwanza alilowahi kumwuliza mumewe kuhusu goti lake. Nikodemu hakujibu upesi kama alivyojibu siku ile ufukweni. Aliutazama mguu kwa muda, akaunyoosha mbele yake mpaka ulipokubali, akauacha hapo.

"Limenyooka," alisema. "Nimekaa vya kutosha."

Marsiana aliingia ndani kutafuta mianzi. Alikaa huko muda mrefu kuliko kutafuta kunavyotaka, na alipotoka macho yalikuwa mekundu na vijiti vilikuwa vimechongwa. "Basi simama," alimwambia mumewe, "nione unavyosimama." Nikodemu akasimama.